Nchi iliyorudisha Kombe la Dunia

Uzi. Sitataja mwanasiasa wala chama, kwa hivyo wale wa kuuliza nimetumwa na nani, leo mpumzike. Nataka tuongee kuhusu swali linalolipuka huku kila mara tunapoambiwa tutaandaa mashindano makubwa: nchi yenye madeni, hospitali zisizo na dawa na walimu wanaogoma, inafaa kweli kualika dunia kuja kucheza mpira?

Mnajua vile mjadala huenda. Kambi moja inasema watoto wanasomea chini ya mti na nyinyi mnajenga viwanja. Kambi ya pili inajibu kwamba nyinyi hupinga kila kitu, hamtaki nchi ing'are. Baada ya saa mbili watu wanatukaniana makabila, na hakuna aliyetaja hata bei ya gunia moja la saruji.

Mimi nimekuwa kambi ya kwanza kwa miaka, na mguu mmoja bado uko huko. Kilichonisogeza kidogo ni kisa cha nchi mbili, Kolombia na Meksiko, na Kombe la Dunia la 1986. Wacha niwasimulie, halafu turudi nyumbani.

Mwaka wa 1974 FIFA iliipa Kolombia haki ya kuandaa Kombe la Dunia la 1986. Miaka kumi na miwili mbele, nani ana haraka? Wakati huo mashindano yalikuwa na timu 16. Kufikia 1982 timu zilikuwa 24. Angalia hapo vizuri: Kolombia ilikubali mzigo mmoja, na kabla ya kuubeba, mwenye mzigo akaongeza nusu yake juu.

Kisha ikaja orodha ya masharti. Viwanja 12 vya kuingiza watu wasiopungua 40,000 kila kimoja, kwa raundi ya kwanza. Vinne vya 60,000 kwa raundi iliyofuata. Viwili vya 80,000, cha ufunguzi na cha fainali. Reli ya kuunganisha miji yote ya mashindano, katika nchi iliyokatwakatwa na milima ya Andes. Viwanja vya ndege vya kupokea jeti. Bei za hoteli zigandishwe. Na magari ya kifahari ya kubeba wakubwa wa FIFA. Hayo ya magari huwa yananichekesha, lakini nadhani ndiyo yaliyowaamsha watu.

Agosti 1982 rais mpya aliapishwa Kolombia. Oktoba mwaka huohuo akahutubia taifa na kusema mashindano hayatafanyika kwao. Alieleza kwamba Kombe la Dunia lilipaswa kuitumikia Kolombia, na sasa mambo yamegeuka, Kolombia ndiyo inayoitwa kulitumikia Kombe. Akasema nchi ina kazi nyingine nyingi na haina muda wa anasa za FIFA.

Hotuba yenyewe ilikuwa fupi sana. Fikiria kiongozi yeyote unayemjua akisimama mbele ya kamera kusema: tumepewa heshima kubwa, na tunairudisha.

Kwa hivyo kambi ya kwanza ina shujaa wake. Ningeachia hapo, ningepata laiki zangu na kulala. Shida ni kilichofuata.

Mei 1983 FIFA iliyapeleka mashindano Meksiko. Na Meksiko ilikuwa na hali gani? Agosti 1982, mwezi uleule rais mpya wa Kolombia alipoapishwa, Meksiko iliwatangazia wadai wake kwamba haiwezi kulipa madeni. Ndiyo nchi iliyoanzisha mgogoro mzima wa madeni wa Amerika ya Kilatini wa miaka hiyo. Yaani Kolombia ilisema haina uwezo, na mpira ukaenda kwa jirani aliyefilisika zaidi!

Halafu, Septemba 19, 1985, miezi minane na ushei kabla ya mechi ya kwanza, tetemeko kubwa likalipiga Jiji la Meksiko. Maelfu ya watu walikufa, majengo yakalala chini. Viwanja vya mpira vikabaki vimesimama.

Mashindano yakafanyika. Fainali ilichezwa Azteca, Argentina 3, Ujerumani Magharibi 2.

Meksiko iliwezaje? Sababu mojawapo kubwa haina maajabu. Azteca ulifunguliwa 1966 na fainali ya Kombe la Dunia la 1970 ilichezwa hapohapo. Nchi ilikuwa imeandaa Olimpiki 1968. Kiwanja kimoja kimoja kilijengwa upya, kama kile cha Querétaro, lakini vingi vilikuwa tayari. Kolombia iliambiwa ijenge nyumba nzima, Meksiko ikaambiwa ipake rangi na kubadilisha mapazia.

Ongeza na runinga. Makamu wa rais wa FIFA wakati huo alikuwa pia mkubwa katika kampuni kuu ya televisheni ya Meksiko. Siwezi kusema hilo ndilo lililoamua kila kitu, lakini msiniambie halikuwa na uzito. Mechi nyingi zilichezwa saa sita mchana, kwenye jua kali, ili Ulaya watazame jioni wakiwa kwenye viti vyao. Wachezaji walilalamika waziwazi. Saa hazikubadilishwa.

Kabla hamjasema basi Meksiko walifaidi: siku ya ufunguzi, Mei 31, 1986, rais wao aliposimama kuhutubia, uwanja mzima ulimzomea. Watu walikuwa wamezika jamaa zao chini ya vifusi, na mwaka huo mfumuko wa bei ulipita asilimia 100. Tena zile nyumba "zilizokuwa tayari" zilikuwa na historia yake. Mwaka 1968, siku kumi kabla ya ufunguzi wa Olimpiki, askari waliwafyatulia risasi wanafunzi waliokuwa wakiandamana Tlatelolco. Idadi ya waliokufa inabishaniwa mpaka leo. Kiwanja unachokirithi bure, kuna mtu alikilipia.

Na Kolombia? Novemba 1985, ndani ya wiki mbili, waasi waliteka jengo la Mahakama Kuu ya Bogotá, kisha volkano ya Nevado del Ruiz ikalipuka na tope likaufunika mji wa Armero. Zaidi ya watu 20,000 walikufa. Ilikuwa miezi saba kabla ya tarehe ambayo wangekuwa wanakata utepe. Rais hakuwa nabii, alikuwa tu amepiga hesabu mapema. Hata hivyo sijawahi kuona ushahidi kwamba pesa zilizookolewa kwa kutojenga viwanja zilienda moja kwa moja shuleni. Wanaosema "hiyo pesa ingejenga madarasa" (mimi nikiwemo) tukumbuke kwamba pesa isiyotumika kwa mpira haina miguu ya kwenda yenyewe hadi darasani. Lazima kuna mtu aibebe kwenye bajeti.

Sasa turudi nyumbani. Kenya tuna historia ndefu kuliko wengi wanavyokumbuka. Kasarani ilijengwa kwa msaada wa Wachina, ikawa tayari kwa Michezo ya Afrika ya Agosti 1987. Tulifika fainali ya mpira tukafungwa na Misri 1-0, na wazee wa mtaa wetu bado wanaisimulia kama vile refa ni jirani yao. Kwa hiyo nasi tuna Azteca yetu, tukitaka.

Kisha tukapewa Kombe la Afrika la 1996. Hatukuwa tayari, likaenda Afrika Kusini, na Afrika Kusini wakalishinda. Tukapewa CHAN ya 2018. Septemba 2017 CAF ikatunyang'anya kwa sababu ya maandalizi, ikaipa Moroko, na Moroko wakalishinda. Mtu asiniambie hii ni bahati mbaya. Kolombia walirudisha kombe miaka minne kabla, wakieleza sababu. Sisi tulingoja mpaka tukapokonywa, na senti zilizokuwa zimetumika hazikurudi.

Lakini Julai 2017, miezi miwili kabla ya aibu hiyo, mashindano ya dunia ya riadha ya chini ya miaka 18 yalifanyika Kasarani. Baadhi ya nchi kubwa hazikuja kwa hofu ya usalama. Wakenya walijaza uwanja kwa mashindano ya watoto. Uwanja uleule, nchi ileile, mwaka uleule. Tofauti ni kwamba riadha ilihitaji kiwanja kimoja tulichokuwa nacho tangu 1987.

Agosti 2025 CHAN ikaja hatimaye, tukiigawana na Tanzania na Uganda. Siku tulipoifunga Moroko 1-0 nilikuwa kwenye kibanda cha chai, na mama mwenye kibanda aliishiwa na mandazi kabla ya mapumziko. Alinunua sufuria ya pili wiki hiyo. Tulipotolewa na Madagascar kwa penalti aliniambia, "Sasa hii sufuria nitaipikia nani?" Sikuwa na jibu. Hiyo faida ndogo ni ya kweli, msiidharau, lakini iliisha na penalti ya mwisho.

Sasa tunaingoja AFCON ya 2027, na hapa ndipo nataka muwe makini. Kugawana mzigo na majirani wawili ni wazo zuri, Kolombia ya 1982 ilibeba peke yake. Kwa upande wetu tunajenga Talanta, viti 60,000. Julai 2025 bondi ya kuugharamia iliingizwa kwenye Soko la Hisa la Nairobi: shilingi bilioni 44.79, muda wa miaka 15, faida ya takriban asilimia 15. Toa simu ufanye hesabu. Asilimia 15 ya bilioni 44.79 ni zaidi ya bilioni 6.7 kwa mwaka, kabla deni lenyewe halijaanza kupungua. Mashindano ni ya wiki chache. Mtoto aliyezaliwa siku bondi ilipoingia sokoni atakuwa sekondari inapomalizika kulipwa.

Kwa hivyo swali la "maskini aandae au asiandae" naliona limekosewa. Meksiko ilikuwa taabani ikaandaa, Kolombia ilikuwa na nafuu ikakataa. Mimi nauliza nani anaandika orodha, ni vitu vingapi kwenye orodha tunavyo tayari, na kama bado kuna siku ambayo tunaweza kusema hapana bila kulipa. Kolombia ilikuwa na siku hiyo kwa sababu haikuwa imemwaga zege nyingi. Ukishakopa, siku hiyo imepita, na kuanzia hapo anayedai haraka ndiye anayepanga bei. Mradi wenye tarehe ya kimataifa haungoji mkaguzi wa hesabu. Kila swali linajibiwa "muda umeisha, tusiaibike mbele ya dunia". Hiyo sentensi nimeisikia chini ya serikali zaidi ya moja, kwa hivyo tusifanye kana kwamba ni ugonjwa wa upande mmoja.

Kuna anayeuliza kama Kolombia ilijutia. Mwaka 2001 waliandaa Copa América, timu 12, fainali ikachezwa El Campín, Bogotá, uwanja uliofunguliwa 1938. Vita na utekaji vilikuwa vimepamba moto hadi mashindano nusura yafutwe. Argentina walikataa kuja. Honduras waliitwa dakika za mwisho kujaza nafasi, wakafika wamechelewa, na bado wakaitoa Brazil! Kolombia walilibeba kombe bila kufungwa hata bao moja. Fainali ilikuwa 1-0, na waliofungwa ni Meksiko.

Mkataba wetu wa 2027 sijausoma. Kama kuna mwenye nakala kamili, pamoja na kurasa za dhamana na misamaha ya kodi, aiweke hapa chini. Nitaendeleza uzi nikishaimaliza.