Gauni la Bibi Harusi wa Frankenstein na siku 11 za mama mmoja

1/7
Watoto wameshalala? Haya, vuteni kiti.

Mlioona picha yangu ya gauni jeupe, mikono imefungwa bandeji, mkauliza "nesi, umepata ajali?" Hapana jamani, nilikuwa kwenye sherehe! Mwisho wa mwaka idara yetu iliamua kila mtu aje kama mtu wa kwenye filamu. Mimi filamu za kutisha nazipenda tangu niko chuo, na kipenzi changu ni Bibi Harusi wa Frankenstein. Nikakaa kwenye cherehani ya marehemu mama jioni nne mfululizo, baada ya zamu. Leo nawasimulia historia ya gauni lile, maana inatugusa sisi tunaozaa.

2/7
Filamu yenyewe ni ya Marekani, ya mwaka 1935, haina rangi. Aliyeiongoza ni James Whale. Madaktari wawili wanaunda mwanamke kutokana na maiti ili awe mke wa lile zimwi la Frankenstein. Bibi harusi anatokea dakika chache tu za mwishoni, hasemi hata neno moja, anapiga kelele na kufoka kama bata maji aliyekasirika. Lakini ukishamwona humsahau! Gauni refu jeupe, mikono imeviringishwa bandeji, nywele zimesimama juu kama taji, zina michirizi myeupe pembeni. Mtindo huo wa kichwa ulitokana na sanamu ya Malkia Nefertiti wa Misri.

Mwigizaji ni Elsa Lanchester. Na mwanzoni mwa filamu huyohuyo anaigiza mtu mwingine: Mary Shelley, mwandishi wa kitabu cha Frankenstein, amevaa gauni linalometameta. Mwigizaji mmoja, wanawake wawili. Basi na mimi nikaamua kuwaunganisha kwenye gauni moja.

3/7
Mwili wa gauni nilitumia satini nyeupe, nikapachika shanga kifuani kwa mkono. Hiyo ni sehemu ya Mary. Mikono ndiyo ya bibi harusi. Bandeji za wodini sikugusa, zile ni za wagonjwa. Nilichana shuka kuukuu, nikakata vipande kwa mshazari ili vivutike, nikavipanga kimoja juu ya kingine kwenye mkono wa kitambaa cha ndani, nikashona.

Mara ya kwanza nilikaza mno. Dakika kumi tu vidole vikaanza kufa ganzi! Nesi mzima, kila siku nawaambia wagonjwa waangalie vidole vyao, halafu mimi nimejifunga mwenyewe. Nikafumua, nikaanza upya.

4/7
Sasa tuje kwa Mary. Mama yake aliitwa Mary Wollstonecraft, mwandishi maarufu wa Uingereza aliyetetea haki ya wanawake kusoma. Alijifungua binti huyu London, tarehe 30 Agosti 1797, akihudumiwa na mkunga. Mtoto alitoka salama, kondo la nyuma likagoma. Akaitwa daktari, akaingiza mkono na kulitoa vipandevipande. Siku chache baadaye mama akaanza homa na kutetemeka. Tarehe 10 Septemba akafariki. Siku 11 tu, mama zangu.

Ile ni homa ya uzazi. Wakati ule hakuna glavu, hakuna dawa ya kuua vijidudu, hata haijajulikana kwamba vijidudu ndivyo vinavyoleta homa hiyo. Kinachoniuma ni hiki: miaka miwili kabla, 1795, daktari Alexander Gordon wa Aberdeen, Scotland, alishaandika kitabu kuonyesha kwamba madaktari na wakunga ndio wanaoibeba homa hiyo kutoka kwa mzazi mmoja hadi mwingine. Akasema mpaka yeye mwenyewe ameibeba. Watu wakamchukia.

5/7
Binti akakua bila mama. Mwaka 1815 naye akajifungua kabla ya wakati, mtoto wa kike, akaishi wiki mbili hivi. Mary aliandika kwenye kumbukumbu zake kwamba aliota mtoto amefufuka, wamemsugua karibu na moto akapata uhai. Mama uliyewahi kupoteza kichanga unaijua ndoto ile, huhitaji kuelezwa.

Mwaka uliofuata, akiwa na miaka 18, akaanza kuandika habari za mtu anayerudisha uhai kwenye maiti. Kitabu kilitoka 1818. Humo mwanamke wa zimwi hafiki mwisho, anaharibiwa kabla ya kupewa uhai. Ni filamu ndiyo iliyomsimamisha.

6/7
Sasa sikilizeni. Frankenstein anatoka makaburini, anakwenda kutengeneza uhai kwa mikono ileile. Vienna, Austria, jambo hilo lilikuwa linatokea kweli! Madaktari na wanafunzi walipasua maiti asubuhi, kisha wakaenda wodi ya wazazi. Wodi ya pili, ya wakunga, vifo vilikuwa vichache mno, na wanawake walilia wasipelekwe ile ya madaktari.

Mwaka 1847 daktari Ignaz Semmelweis akaamuru wote wanawe kwa maji yenye klorini. Aprili walikufa zaidi ya wazazi 18 katika kila 100. Kufika Juni, wawili hivi. Kunawa tu! Naye wakubwa wakampinga miaka yote.

7/7
Ndiyo maana nalipenda gauni hili. Wengine kwenye sherehe waliona zimwi limependeza, mimi nilimwona mama aliyeshikwa na mikono isiyonawa.

Kwa hiyo, mama aliyejifungua, ndani ya siku 42 ukipata homa au kutetemeka, tumbo la chini kuuma, uchafu wenye harufu mbaya, au damu nyingi, usisubiri kesho wala usianze na dawa za jirani. Nenda kituo cha afya saa hiyohiyo. Kondo likichelewa, lisivutwe na mtu nyumbani. Na ukiona mhudumu anakuja kukupima hajanawa, mwambie. "Nesi, samahani, umenawa?" Sisi hatukasiriki. Anayekasirika, mwulize tena.

Bandeji zangu nilizikomesha kwenye kifundo cha mkono makusudi, nipate kunawa kabla ya pilau. Usiku mwema. Wiki ijayo nawaletea historia ya kofia ya nesi.