Ramani Inaujua Mlima, Haimjui Mwenye Shamba

Ukiona ramani ya zamani imeandikwa "Usumbura", ujue ni ya enzi za ukoloni. Jina Bujumbura lilishika mwaka 1962, tulipopata uhuru. Ramani ya namna hiyo ninayo kwenye simu hapa kambini, naitafuta Mutanga Nord nilikokulia.

Nyumba zetu hazimo. Kilichomo ni mistari ya kahawia, kila mmoja unaunganisha sehemu zenye mwinuko sawa. Chini kwenye tambarare ya Imbo, kando ya Ziwa Tanganyika, mistari imeachana. Ukipanda kuelekea Mirwa, inabanana. Ikibanana, mteremko ni mkali, na mvua ikinyesha maji yanashuka kwa fujo. Ndiyo hiyo Ntahangwa, mto ulio kati ya Mutanga Nord na Mutanga Sud, unaokula kingo zake na kuangusha nyumba. Usiku wa tarehe 9 kuamkia 10 Februari 2014, maji kutoka milima hiyo yaliua watu zaidi ya 60 kaskazini mwa jiji. Mistari ilishaonyesha njia ya maji miaka mingi kabla.

Lakini kuna kitu ramani hii haiwezi. Kwa kipimo cha 1:50,000, sentimita moja ni mita 500. Kiwanja cha mita 20 kwa 30 hakifiki hata milimita moja, yaani ni nukta ya kalamu. Tena kwetu watu wa milimani hawakukaa vijijini. Kila familia na rugo lake, boma lake, juu ya mlima. Mchoraji aliandika jina la mlima, mwenye rugo hakumwandika.

Waliokimbia mwaka 1972 wanalijua hili. Wengi walirudi wakakuta mashamba yana watu wengine, mpaka serikali ikaunda tume ya ardhi, CNTB, mwaka 2006. Mlima kila mtu aliujua. Ugomvi ulikuwa mpaka unapita wapi.

Basi ndugu zangu, kaeni na wazee, muandike: jirani wa juu nani, wa chini nani, mti wa mpaka upi, ua wa minyaa unaishia wapi. Na nyie wa mashirika, mkituandikisha kurudi, msiishie kuuliza mkoa na mlima. Ulizeni na majirani. Wanaowakumbuka wanazidi kupungua.