Bata wa Shaba, Jembe la Chuma: Ufundi Tulioachiwa



Mwaka 1861 msafara wa Waingereza Speke na Grant ulipita Rusubi ukielekea Karagwe. Mtawala wetu, ambaye Speke aliandika jina lake Suwarora, hakuwapitisha bure. Alidai hongo, nao wakalipa nguo na waya wa shaba huku wakinung'unika. (Sisi tunaoshika vitabu vya hesabu tunauita ushuru wa forodha.) Katika nchi hizi waya wa namna hiyo ulikuwa malighafi. Mafundi waliuvuta hadi ukawa mwembamba, wakauzungusha kwenye singa za mkia wa ng'ombe, ukawa pambo jepesi la mkononi na la kifundo cha mguu.

Jirani zetu wa Karagwe walikwenda mbali zaidi. Mwaka 1876 Stanley aliingia katika nyumba ya hazina ya Mukama Rumanyika, akaorodhesha mali kama mkaguzi: bata 16 wa shaba ya njano wenye mabawa ya shaba nyekundu, sanamu 10 za pofu, ng'ombe 10 wa shaba nyekundu wasio na vichwa. Yeye aliziona kazi za kishamba. Hatukubaliani naye. Aliyechagua madini mawili ili bawa litofautiane na mwili alikuwa amekaa ziwani akamtazama bata vizuri. Shaba ililetwa na misafara kutoka mbali. Bata, pofu na ng'ombe walikuwa wa hapa hapa. Simulizi zinamkumbuka Ndagara, baba yake Rumanyika, kuwa mfua chuma yeye mwenyewe, na nyundo ilikuwa miongoni mwa alama za ufalme.

Chuma kilikuwa chetu. Barongo waliyeyusha mawe ya chuma katika maeneo ya Biharamulo, Geita na Kahama, na majembe ya upande huu wa ziwa yalifika Usukuma na Unyamwezi. Kisha yakaja majembe ya kiwandani, ya bei nafuu, na matanuri yakapoa.

Leo dhahabu ya Tulawaka imechimbwa wilayani kwetu na kuondoka, wala hatujui sonara hata mmoja wa nyumbani aliyeitengenezea pete. Vijana wetu wachomeleaji wana mikono mizuri, lakini mageti yao yana maua yaliyonakiliwa kwenye simu, wakati ng'ombe wa pembe ndefu wanapita mbele ya karakana na hifadhi ya Burigi-Chato iko jirani.

Ndiyo maana harambee ya mwaka huu ina fungu la karakana ya kufundishia ufuaji na usonara. Vinavyohitajika kwanza ni fuawe, mivukuto, koleo, tupa na mtungi wa gesi, pamoja na posho ya wazee wachache ambao bado wanajua kuvuta waya. Wazee hao tungependa waanze kufundisha kabla ya masika.