Upanga wa Afisa wa Farasi katika Nchi ya Usangu

Upanga wa afisa wa Kiingereza wa askari wa farasi ni kitu kigeni katika Rujewa, na ugeni huo ndio mwanzo wa habari yake. Nchi ya Usangu ilipiganiwa sana kabla ya ukoloni, lakini silaha zilizojulikana zilikuwa mikuki, ngao na magobori. Kapteni Elton, Mwingereza aliyefika kwa Merere mwaka 1877, alimkuta mtawala huyo amezingirwa na Wahehe, na vita ile ilikuwa ya watu wa miguu.

Farasi waliletwa kwa wingi mwaka 1916, majeshi ya Smuts yaliposhuka kutoka kaskazini pamoja na wapanda farasi wa Afrika Kusini. Upande wa kusini Northey alipanda kutoka Nyasaland, na jeshi lake likaingia Iringa tarehe 29 Agosti. Wapanda farasi wale walikuwa watu wa bunduki. Farasi aliwachukua njiani, nao wakashuka kupigana. Mbung'o na maradhi viliwaua wanyama kwa maelfu, na mizigo ikarudi vichwani mwa wapagazi. Wapagazi waliokufa katika utumishi wa Waingereza walizidi 90,000. Hao hawakuachiwa panga za kutundikwa ukutani.

Basi upanga wa namna hii ukionekana katika nyanda hizi usisadikiwe upesi kwamba ulitoka vitani. Kwanza utazamwe. Ule wa mtindo wa 1821 una bapa lililopinda kidogo, na kinga ya mkono ya fito tatu. Wa 1912 umenyooka, maana uliundwa kwa kuchoma wala si kwa kukata, na kinga yake ni kama bakuli la chuma lililochorwa maua. Mpini huvikwa ngozi ya samaki, kama ile ya taa, ukazungushiwa uzi wa madini. Juu ya bapa huwa na herufi za mfalme: VR ni za Malkia Victoria, aliyetawala hata 1901, GRV ni za George wa Tano, 1910 hata 1936. Panga nyingi za Wilkinson wa London zina nambari mgongoni mwa bapa, na kwa nambari hiyo daftari za kiwanda zaweza kuonyesha mwaka ulipouzwa, pengine hata jina la mnunuzi.

Ndiyo sababu hali yake ni jambo kubwa. Herufi hizo zilichorwa kwa tindikali, nazo hazina kina. Mtu mwenye huruma huona kutu, akashika msasa, akasugua mpaka chuma king'ae. Jioni ana upanga mzuri usioweza kusema lolote. Kitambaa cha pamba na mafuta mepesi vyatosha. Tena usilazwe ndani ya ala ya ngozi: wakati wa masika ya Usangu ngozi hushika unyevu, na kutu hula bapa gizani. Kiangazi nacho hukausha mti wa mpini, uzi ukalegea, ngozi ikafumuka.

Makali nayo yatazamwe. Siku za amani panga za maafisa zilikaa butu, zikanolewa jeshi lilipoamriwa kwenda vitani. Bapa lisilowahi kunolewa yaelekea halikufika vitani, ijapokuwa muuzaji ataapa kwamba lilikuwako Malangali.