Tulivyojifunza Kukata Vyungu Pande

Historia ya kikundi chetu haiwezi kuandikwa bila udongo. Huku Ziwa Nyasa bibi zetu Wakisi walifinyanga vyungu kwa mikono na kuviuza gulioni Lyulilo, pale Matema. Ndoo za plastiki zilipojaa, wanunuzi wa mitungi wakapungua. Ndipo wafinyanzi kati yetu tukaomba mkopo katika mfuko wetu, tununue gurudumu la kufinyangia. Wenzetu wengine walikataa, wakasema hela ya ada za watoto inakwenda kuzungushwa. Tulibishana vikao vitatu, mwisho tukakubaliana.

Gurudumu linatoa chombo cha mviringo tu. Kukipa pande ni kazi nyingine. Kwanza ukuta unafinyangwa mnene kuliko kawaida, maana ukiwa mwembamba kisu kinatoboa. Wahenga walisema udongo uwahi ungali maji, lakini hapa lazima ungoje: chombo kishike, kisibonyee, ila kisu kipite. Unazungusha uzi mdomoni, unaukunja mara tatu upate pande nane, unatia alama, halafu unakata toka juu hadi chini bila kusita. Vipande vinavyoanguka vinalowekwa vifinyangwe tena. Hakuna kinachopotea.

Hapo hata waliokataa walielewa: anayeweza kukata ni yule aliyeweka unene tangu mwanzo. Na hisa zetu ni hivyo hivyo. Mkopo ule ulirudi wote, na gurudumu bado linazunguka.