Ndege zinazokwepa rada au za zamani? Hesabu iliyoitesa Marekani

Na Mwandishi Wetu

NOVEMBA 2, 2007, ndege ya kivita aina ya F-15C ilikatika vipande angani katika jimbo la Missouri, Marekani, ikiwa katika mazoezi ya kawaida. Rubani alijeruhiwa, lakini alinusurika kwa mwavuli.

Hakuna adui aliyeitungua. Uchunguzi ulibaini kwamba mhimili mmoja wa kiunzi cha ndege hiyo ulitengenezwa ukiwa mwembamba kuliko vipimo vilivyotakiwa, ukapata ufa, na ufa huo ukaendelea kukua kwa miaka. Ndege yenyewe ilikuwa na umri wa takriban miaka 27. Ndege nyingi za aina hiyo zilizuiwa kuruka kwa wiki kadhaa.

Ajali hiyo ilianika swali linalolikabili kila jeshi la anga lenye uwezo wa kuchagua: fedha zilizopo zinunue ndege chache za kisasa zinazokwepa rada, au ndege nyingi zaidi za muundo wa zamani?

Wataalamu hugawa ndege hizo kwa vizazi. F-15 na F-16, zilizoruka kwa mara ya kwanza mwaka 1972 na 1974, ni za kizazi cha nne. F-22 na F-35, ambazo zimeundwa tangu mwanzo ili zikwepe rada, ni za kizazi cha tano.

Rada hukwepwaje?

Ndege hizi huitwa na wengi kuwa "hazionekani", lakini kwa macho zinaonekana kama ndege nyingine yoyote. Kinachopunguzwa ni mwangwi wake kwenye rada.

Rada hutuma mawimbi hewani. Yakigonga ndege, sehemu yake hurudi na kumjulisha mlinzi kwamba kuna kitu kinakuja. Ndege ya kizazi cha tano huchongwa ili mawimbi hayo yatupwe pembeni, na hupakwa tabaka maalumu linalomeza sehemu ya mawimbi yaliyobaki.

Kazi hiyo ni ngumu kuliko inavyodhaniwa. Kwa mujibu wa kanuni za fizikia, mwangwi ukipunguzwa mara 16, umbali ambao rada inaweza kuigundua ndege hupungua kwa nusu tu. Ili rada inayoiona ndege ikiwa umbali wa kilomita 400 isiione hadi ifike kilomita 40, mwangwi wake hauna budi kupunguzwa mara 10,000.

Ndiyo maana haiwezekani kuchukua ndege ya zamani, kuipaka rangi mpya na kudai kwamba sasa inakwepa rada. Umbo lote lazima lianze upya.

Hata hivyo, kukwepa rada si kinga kamili. Machi 27, 1999, jeshi la Yugoslavia liliitungua ndege ya Marekani aina ya F-117, ya kwanza duniani iliyoundwa kwa teknolojia hiyo, kwa kombora la S-125, mfumo wa Kisovieti ulioanza kutumika miaka ya 1960.

Bei ya kujificha

Gharama ya kwanza hulipwa kwenye mzigo. Bomu au kombora likining'inizwa chini ya bawa hurudisha mwangwi, hivyo silaha hufichwa tumboni, ambako nafasi ni finyu. F-35A hubeba takriban tani 2.6 ndani ya tumbo lake. Ikining'iniza silaha nje hufikisha takriban tani nane, lakini hapo faida ya kujificha hupotea. F-15EX, toleo jipya la ndege ya mwaka 1972, hubeba zaidi ya tani 13.

Gharama ya pili hulipwa karakanani. Tabaka la kumeza mawimbi linahitaji uangalizi wa daima, na kila kifuniko kinachofunguliwa ili fundi afikie kifaa kilicho ndani hakina budi kurudishwa kwa usahihi mkubwa.

Ofisi ya ukaguzi ya Bunge la Marekani, GAO, iliripoti mwaka 2021 kwamba kuihudumia F-35A moja kulikadiriwa kuligharimu Jeshi la Anga dola milioni 7.8 kwa mwaka, wakati kiasi ambacho jeshi hilo lilisema lingeweza kukimudu ni dola milioni 4.1. Ofisi hiyo ilieleza pia kwamba hadi Machi 2023 ndege za F-35 za Marekani zilikuwa tayari kwa kazi kwa wastani wa asilimia 55 tu ya muda.

Cha kushangaza ni kwamba bei ya kununulia si tofauti kubwa tena. Katika mkataba uliotangazwa mwaka 2019, F-35A moja ilishuka hadi chini ya dola milioni 80, kiwango ambacho F-15EX haikukipunguza. Tofauti kubwa iko kwenye miaka ya matumizi: F-35 imeundwa kwa saa 8,000 za kuruka, F-15EX kwa saa 20,000.

Marekani ilivyonasa

Mpango wa awali ulikuwa kununua ndege 750 za F-22, zichukue nafasi ya F-15. Gharama zilipopanda idadi ilipunguzwa mara kwa mara, na mwaka 2009 Waziri wa Ulinzi, Robert Gates, alisimamisha ununuzi zikiwa 187. Sheria ya Bunge ilikuwa imekataza kuiuzia nchi nyingine, hivyo hapakuwa na mteja mwingine wa kukiokoa kiwanda. Ndege ya mwisho ilikabidhiwa mwaka 2012.

Hoja ya Gates ilikuwa kwamba F-35, iliyotarajiwa kuwa nafuu, ingeziba pengo, na kwamba China isingekuwa na ndege ya kizazi cha tano kufikia mwaka 2020.

Mambo hayakwenda hivyo. Januari 11, 2011, Gates akiwa ziarani Beijing, China iliirusha J-20 kwa mara ya kwanza, na mwaka 2017 ndege hiyo iliingia jeshini. F-35 nayo ilichelewa: Jeshi la Anga la Marekani liliitangaza kuwa tayari kwa vita mwaka 2016, miaka 15 baada ya Lockheed Martin kupewa mkataba.

Katikati ya pengo hilo walibaki marubani wa F-15C, wakirusha ndege zilizokuwa zikizeeka. Mwishowe Wizara ya Ulinzi ililazimika kurudi kwenye muundo wa zamani. F-15EX ya kwanza ilikabidhiwa jeshini Machi 2021.

Mwezi mmoja kabla ya hapo, Mkuu wa Jeshi la Anga, Jenerali Charles Brown, aliilinganisha F-35 na gari la Ferrari ambalo mwenye nalo haendi nalo kazini kila siku, bali hulitoa Jumapili.

Kila ndege na kazi yake

Mapigano ya miaka ya karibuni yanaonyesha maana ya maneno hayo. Usiku wa Aprili 13, 2024, Iran iliporusha droni na makombora kuelekea Israel, ndege za F-15E za Marekani, za kizazi cha nne, zilitungua makumi ya droni. Katika kazi ya namna hiyo kujificha hakukuwa na faida kubwa. Kilichotakiwa ni makombora mengi na ndege za kutosha.

Lakini Juni 22, 2025, Marekani iliposhambulia vituo vya nyuklia vya Iran, waliopewa jukumu la kuangusha mabomu mazito walikuwa marubani wa B-2, ndege kubwa inayokwepa rada. Jenerali Dan Caine, Mwenyekiti wa Wakuu wa Majeshi, alieleza kwamba ndege za kivita za kizazi cha nne na cha tano zilitangulia mbele yao.

Kwa nchi zenye bajeti ndogo hesabu hii ni kali zaidi. Uganda, ambayo mwaka 2011 ilizua mjadala mkubwa kwa ununuzi wa zana za dola milioni 740 uliojumuisha ndege sita za Su-30, ilichagua kizazi cha nne. Huko pia, bei ya kununua ni mwanzo tu. Vipuri, mafuta na saa za mazoezi ya marubani hulipiwa kila mwaka.

Funzo la Marekani, basi, si kwamba ndege mpya ni mbaya au ya zamani ni bora. Ndege inayokwepa rada hufungua mlango ambao nyingine haziwezi kuukaribia bila hasara kubwa. Lakini jeshi likinunua chache mno na kuacha zilizobaki zizeeke, hatari huwafikia marubani wake hata pasipo adui, kama ilivyotokea katika anga la Missouri.