Mafua Yasidharauliwe

Mafua ni ugonjwa wa kila nyumba, na mara nyingi hupona yenyewe. Lakini ndani ya mifupa ya uso, juu ya macho na kando ya pua, Mwenyezi Mungu ametuwekea vyumba vidogo vyenye hewa. Pengine mafua huziba milango yake, usaha ukajaa ndani. Hata hapo wengi hupona. Wachache tu hupatwa na hatari kubwa: ugonjwa hupita mfupani, ukafika jichoni au katika ubongo.

Mwaka 1760, huko London, mganga mpasuaji Percivall Pott aliandika habari za uvimbe laini wa paji la uso, ambao chini yake mna usaha na mfupa unaooza. Yeye aliwaza hasa watu walioumia kichwani. Baadaye waganga walitambua kwamba ugonjwa wa vyumba vya uso huleta uvimbe uleule. Wakati wa Pott hapakuwa na dawa ya kuua vijidudu. Alitoboa fuvu ili usaha utoke.

Tazameni sasa Marekani, Desemba 1936. Franklin, mwana wa Rais Roosevelt, kijana wa miaka 22, alilala hospitalini Boston, akiumwa vibaya vyumba vya uso na koo. Ukuu wa baba yake haukuweza kumponya. Mganga George Tobey akampa dawa mpya, Prontosil, iliyojaribiwa na Mjerumani Gerhard Domagk, naye akapona.

Je, ilikuwa dawa ya wakubwa tu? Sivyo. Mwaka 1935 wataalamu wa Institut Pasteur, Paris, walikuwa wameonyesha kwamba nguvu yake imo katika sulfanilamidi, kitu cha bei ndogo kilichojulikana tangu 1908. Hivyo watu wengi waliweza kuipata. Kisha ikaja penisilini.

Basi, ndugu wasomaji, tusimeze dawa hizo ovyo kwa kila mafua. Lakini mgonjwa wa mafua akivimba jicho au paji la uso, akiona vitu viwiliviwili, akiumwa kichwa sana pamoja na homa, shingo ikikakamaa au akilegea akili, tusingoje kesho. Tumwombee, na papo hapo tumpeleke hospitali. Uhai ni amana ya Mungu. Kuulinda ni wajibu wetu.